Muziki wa kielektroniki usiojulikana: fuata mashine, fuata na mkono ulioishika

Mkuu umeuliza hivi: umechoka na zile nyimbo za kielektroniki ambazo simu inakuletea kila siku, zote zinafanana, unataka vitu vya majaribio, vya ajabu, vilivyosahaulika, ila hujui uanzie wapi na kila orodha unayofungua ina majina yaleyale. Wadau wamekujibu kwa kukutajia majina, sawa, ila jina moja ukishalimaliza unabaki palepale. Mi nakujibu kwa kirefu kwasababu hii kitu naipenda sana, ndo inanikalisha macho usiku, na nna njia moja naiamini kuliko zote. Usitafute kwa jina la mtindo. Tafuta mashine iliyotumika, halafu fuata mkono ulioishika hiyo mashine.

Kwanini nasema hivo. Programu ya simu inakupa kile ambacho watu wanaofanana na wewe walishasikiliza kwa wingi, haina namna ya kukuletea kaseti ambayo haijawahi kupandishwa popote au albamu ambayo imesikilizwa na watu wachache sana, haiioni kabisa. Na majina ya mitindo nayo mara nyingi yanakuja baadaye, muziki ushapigwa miaka na miaka ndo anatokea mtu anaubandika jina ili auze. Lakini mashine ni kitu cha kweli, ilitengenezwa na kampuni fulani mwaka fulani kwa kazi fulani, halafu akatokea mtu mahali fulani akaitumia kwa namna ambayo walioitengeneza hawakuiwaza. Hapo ndo muziki mpya unapozaliwa, karibu kila mara, na ukishalijua hilo utaanza kuuona kila kona.

Chukulia mchiriku, au mnanda kama wengine tunavyouita. Mi nimekulia Temeke, mnanda tumeusikia tangu tunatambaa, na sikumbuki hata mtu mmoja aliyewahi kuuita muziki wa kielektroniki wa majaribio, ulikua muziki wa uswahilini, wa harusi na mikesha, na wazee wengine walikua wanauita wa wahuni moja kwa moja. Lakini hebu angalia vifaa vyenyewe: kinanda kidogo cha Casio, kile ambacho Wajapani walikitengeneza kwa ajili ya mtoto kujifunzia au mtu mzima kujifurahisha sebuleni kwake, jamaa wamekichukua wakakiunganisha kwenye amplifaya chakavu na spika za pembe, sauti ikafunguliwa mpaka mwisho, inapasuka, na ule mpasuko wakaupenda wakauacha. Chini yake zinapigwa ngoma, kuna mtu anatandika stuli ya mbao kwa vijiti, muimbaji kashikilia kipaza sauti anasema ya mtaani. Na kinanda hakikai kusindikiza kwa upole kama kwenye dansi, kinashika kifungu kifupi tu cha noti kule kwenye funguo za juu, kinakizungusha kwa haraka, kinakirudia, kinakirudia tena, kinakigeuza kidogo, mpaka hujui tena ni saa ngapi. Ulaya kuna watu wamesomea chuo miaka kibao kufanya kitu kama hicho na wanaandikiwa vitabu.

Ukitaka kuusikia ukiwa umerekodiwa vizuri tafuta Jagwa Music, albamu inaitwa Bongo Hotheads, ilitoka 2012 kwenye lebo (kampuni inayotoa muziki) ya Ubelgiji inaitwa Crammed Discs. Sasa hapa ndo njia yangu inaanza kufanya kazi, soma vizuri. Umeshajua lebo. Nenda uangalie hiyo lebo imetoa nini kingine. Utakutana na Konono Nº1 wa Kinshasa, kundi la mzee Mingiedi Mawangu aliyefariki 2015. Huyu mzee alikua anapiga likembe, ndugu yake na ilimba ya Wagogo, vile vyuma vya kupiga kwa vidole gumba, na tatizo lake lilikua dogo na la kweli: likembe haina sauti kubwa na Kinshasa ina kelele. Akatengeneza maiki yake mwenyewe kwa sumaku za vipuri vya magari makuukuu, akaunganisha kwenye amplifaya na spika za pembe. Likembe ikaanza kunguruma na kukwaruza kama gitaa la umeme. Kwahiyo una Dar upande mmoja na Kinshasa upande mwingine, kifaa kidogo, spika za pembe, sauti inayopasuka, na watu wawili tofauti kabisa wamefikia jibu moja kwasababu walikua na swali moja. Mi nilivyozisikiliza hizo mbili kwa kufuatana usiku mmoja sikulala.

Baada ya mchiriku nenda kwenye singeli, ila sio ile ya redioni tu. Msaga Sumu, Man Fongo, Sholo Mwamba wote tunawajua na nawaheshimu, wao ndo waliiingiza singeli kwenye kila nyumba. Ila kuna upande wa singeli ambao sisi wenyewe Wabongo tumeupita, ule wa maprodyuza, biti yenyewe. 2017 lebo ya Kampala inaitwa Nyege Nyege Tapes ilitoa mkusanyiko unaitwa Sounds of Sisso, vitu vilivyotengenezwa kwenye studio ya Sisso pale Mburahati. Mburahati mkuu! Sio Berlin. Ukitoka hapo nenda Poaa ya Bamba Pana ya 2018, halafu Mateso ya Sisso, Tatizo Pesa ya Jay Mitta na Uingizaji Hewa ya Duke, zote tatu za 2019, halafu Mr Mixondo ya DJ Travella ya 2022, halafu Singeli Ya Maajabu ya Sisso na Maiko ya 2024.

Ukizisikiliza mara ya kwanza utaona ni fujo, mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, mengine yanakaribia 300. Fanya hivi: usihesabu kila pigo, mwili hauwezi, tafuta lile pigo linalorudi polepole chini ya yale ya haraka, likikukaa kwenye bega basi vile vingine vyote vinaanza kujipanga vyenyewe juu yake na unaanza kusikia vitu. Utasikia kipande cha taarab kimekatwa kikabaki kidogo sana, kimeharakishwa mpaka sauti ya mama anayeimba inakua nyembamba kama uzi, kinazungushwa. Utasikia kile kinanda cha mchiriku kimo mulemule, sasa hivi kiko ndani ya kompyuta tu. Na hiyo kompyuta ni ya kawaida kabisa, programu kama FL Studio ambazo kila kijana anayo, na programu ya MaDJ ambayo ilitengenezwa kwa ajili ya kuunganisha nyimbo mbili ukumbini wao wakaigeuza kuwa chombo cha kupiga laivu. Ni mashine iliyotumika kinyume na ilivyokusudiwa, tena.

Hiyohiyo lebo itakupeleka Gulu, kaskazini ya Uganda. Otim Alpha, Gulu City Anthems, 2017. Wale Waacholi walikua na muziki wa harusi unaitwa larakaraka, unataka watu wengi wa kupiga na kucheza, vita ikaja ikavuruga kila kitu, watu hawana hela ya kuleta kundi zima, basi Otim Alpha na prodyuza wake Leo Palayeng wakauhamishia kwenye kompyuta. Harusi zikaendelea. Na palepale Kampala yupo jamaa anaitwa Brian Bamanya, anajiita Afrorack, yeye alizitaka zile sinthesaiza (mashine za kutengeneza sauti kwa umeme) za vipande vipande unazounganisha mwenyewe kwa nyaya, akakuta bei yake kwa kuagiza nje haishikiki, akajifunza kuzitengeneza kwa vipuri vinavyopatikana hapohapo mjini. Albamu yake ya 2022 inaitwa The Afrorack, lebo ni Hakuna Kulala, ambayo ni tawi la Nyege Nyege. Sikiliza ile milio inavyoteleza na kuparuza halafu kumbuka kila kimoja kimechomelewa risasi kwa mkono.

Sasa turudi nyuma sana, kwasababu kuna jambo nataka kila anayesoma hapa alijue. Ukisoma historia ya muziki wa kielektroniki karibu popote utaambiwa muziki wa kutengeneza kwa sauti zilizorekodiwa ulianza Paris 1948, na Pierre Schaeffer, mtu wa redio ya Ufaransa, aliyerekodi treni akazikatakata. Kazi yake ni nzuri, isikilize. Lakini 1944, miaka minne kabla, kijana Mmisri anaitwa Halim El-Dabh aliazima mashine ya kurekodia kutoka kituo cha redio pale Cairo, mashine inayorekodi kwenye waya wa chuma maana tepu ilikua bado haijaenea, akaenda nayo kwenye zaar. Zaar ni ngoma ya kupunga pepo, ya akina mama, na mtu wa pwani yetu sina haja ya kumuelezea, unajua vizuri ile hali, manyanga, sauti zinazopanda, mtu anatikisika. Akarekodi. Halafu akarudi nayo kituoni akaanza kuichezea ile rekodi, akaipitisha kwenye chumba cha mwangwi, akasogeza kuta zinazohamishika ili mwangwi ubadilike, akaondoa sauti ya msingi akabakiza ule mvumo unaobaki nyuma yake. Akautoa hadharani Cairo mwaka huohuo.

Kimebaki kipande cha kama dakika mbili tu kinachosikika leo, kinaitwa Wire Recorder Piece, kiliingia kwenye CD mwaka 2000. Dakika mbili hizo mkuu zisikilize kwa hedifoni taa imezimwa. Maneno huyasikii, ala huzisikii kama ala, unasikia pumzi ya watu wengi imegeuka ukungu, inakuja na kuondoka. Mi kila nikiirudia nywele zinasimama, na ninachowaza ni kwamba yule kijana alielewa kitu ambacho mganga yeyote anakielewa, kwamba kinachompandisha mtu ni ule mvumo na sio wimbo, akaenda kuutafuta huo mvumo na mashine. Baadaye alienda Marekani, akafanya kazi kwenye studio ya vyuo vya Columbia na Princeton pale New York, ndipo alipotengeneza Leiyla and the Poet mwaka 1959. Alifariki 2017 akiwa na miaka 96. Vitabu vingi bado havimtaji.

Turudi kwenye njia, maana najua unataka za kufanya. Kitu cha kwanza ni kujenga tabia ya kusoma majina yaliyoandikwa nyuma ya kazi. Nani kapiga kinanda, nani kachanganya sauti, imerekodiwa wapi, lebo gani. Mtandao wa Discogs una kumbukumbu za santuri, kaseti na CD kwa mamilioni, na ni bure kusoma. Unabonyeza jina la mtu wa kinanda unaona kila kazi aliyowahi kuigusa. Na kuna kitu watu wengi hawakitumii: sehemu ya kutafutia pale unaweza kuchuja, chagua nchi, chagua muongo, chagua kaseti, chagua mtindo wa majaribio, halafu usiandike jina lolote. Weka Misri miaka ya 80. Weka Sudan. Weka India. Inakuja orodha ya vitu ambavyo hujawahi kuvisikia na hakuna aliyekupendekezea, unaenda kimoja kimoja YouTube, vingi havipo, vichache vipo vina watazamaji mia tatu, na katika hivyo vichache ndo unaokota dhahabu.

Cha pili ni Bandcamp. Pale mara nyingi unasikiliza albamu nzima bure kabla hujanunua, na chini ya kila albamu kuna picha ndogondogo za watu walioinunua. Bonyeza mmoja wao. Utaona kila kitu alichonunua. Huyo ni mtu kama wewe, katoa hela yake mfukoni kwa hiki kitu ulichokipenda, kwahiyo masikio yenu yanafanana mahali fulani, na hela yake aliyoitoa ni ushahidi mzuri kuliko bonyezo la kupenda. Nakwambia ukweli, sehemu kubwa ya nilivyonavyo leo nimevipata kwa kuruka kutoka rafu ya mtu mmoja kwenda ya mwingine, watu nisiowajua, mmoja yuko Poland, mwingine Indonesia. Na ukipata mtu mwenye rafu nzuri mfuate, siku akinunua kitu unajua.

Kuhusu bando, usisikilize hewani kila siku, utakufa na vifurushi. Ukinunua, pakua mara moja kwenye sehemu yenye waifai, weka kwenye kadi ya kumbukumbu, basi. Malipo yanakubali kadi, na kadi ya mtandaoni ya kwenye M-Pesa mimi imenifanyia kazi. Vitu vingine mwenyewe kaandika toa unachoweza. Toa mkuu, hata kidogo, kwa prodyuza wa Mburahati au wa Gulu hiyo ni hela ya umeme.

Cha tatu ni redio za mtandaoni zinazotunza vipindi vyao, NTS ya London ndo naipenda zaidi, vipindi vingi vina orodha ya nyimbo zilizopigwa. Basi.

Sasa ngoja nikupe mfano wa mikono michache ya kufuata, hii ni ile niliyoishi nayo muda mrefu.

Francis Bebey, Mkameruni, mzaliwa wa Douala. Alikua mwandishi wa habari, akafanya kazi UNESCO kwenye mambo ya muziki, mtu msomi na mwandishi wa riwaya pia, halafu katikati ya miaka ya 70 akaacha kazi nzuri ile akajifungia nyumbani kwake Paris na vinanda vya umeme na mashine ya ngoma, akachanganya na sanza, ndugu yake na likembe, na ile filimbi ya Mbilikimo wa msituni ambayo inatoa noti moja tu na noti ya pili unaitoa kwa sauti yako mwenyewe. Lebo ya Ufaransa, Born Bad, ilikusanya kazi hizo 2012, African Electronic Music 1975-1982. Kinachonivutia kwa Bebey ni kwamba haoni kinanda cha umeme na sanza kama wageni wanaotambulishwa, anavipiga kama watoto wa baba mmoja. Na anachekesha pia, anaimba huku anacheka, muziki wa majaribio wenye furaha ni adimu.

Hailu Mergia, Muhabeshi, alikua mpiga kinanda wa Walias Band kule Addis Ababa, bendi kubwa. 1981 wakaenda Marekani, yeye akabaki. 1985 akaingia studio peke yake Washington na kodiani lake la zamani, kinanda cha Rhodes, sinthesaiza na mashine ya ngoma, akatengeneza kaseti ya nyimbo za kwao za zamani. Hiyo kaseti ilienda ikauzwa nyumbani Ethiopia. Yeye akaendesha teksi uwanja wa ndege wa Dulles miaka mingi, na kinanda kikiwa kwenye buti, akiwa anasubiri abiria anakitoa anafanya mazoezi. Jamaa mmoja Mmarekani mwenye lebo ya Awesome Tapes From Africa aliikuta ile kaseti Bahir Dar, akampigia simu mwenye kazi, wakaitoa upya 2013. Mzee akarudi jukwaani, na 2018 akatoa albamu mpya, Lala Belu. Ile ya 1985 isikilize alfajiri. Kodiani linapumua taratibu, mashine ya ngoma inagonga kama moyo wa mtu aliyetulia, na ile skeli ya Kihabeshi ikipita kwenye sinthesaiza inatoa huzuni ambayo sijaipata kwingine.

Hapa niseme kitu kinachoniuma kidogo. Utaona maandishi mengi yanasema huyu mzee "alikua amepotea" mpaka Mzungu alipomkuta. Alikua Washington anaendesha teksi, na Wahabeshi wa mji ule walikua wanamjua. Tumshukuru aliyeitoa upya, tena ukiona lebo inampigia simu mwenye muziki na kumlipa hiyo ni lebo ya kuinunulia, lakini wewe ukiwa unatafuta kumbuka kwamba karibu kila kitu unachokiona hakijulikani kuna mtaa mzima unaokijua. Ulizia mtaani. Mimi nina mzee mmoja fundi redio, anajua kaseti za dansi na mnanda kuliko mtandao wowote, na sijawahi kumuuliza kitu akakosa hadithi.

Mamman Sani wa Niger, huyu ni kinanda cha ogani tu na utulivu, kaseti yake ya 1978 ilirekodiwa redio ya taifa Niamey, ikatolewa upya 2013 na lebo ya Sahel Sounds. Nyimbo za jadi za jangwani zimepigwa kwa ogani ya umeme polepole, kila noti ina nafasi yake. William Onyeabor wa Enugu, Nigeria, albamu nane kati ya 1977 na 1985, sinthesaiza kwa wingi, halafu akaokoka, miaka mingi akawa hataki kuzungumzia muziki wake, akafariki 2017. Huyu ameshajulikana sasa hivi, sitakaa sana.

Ila Charanjit Singh lazima nikae. Huyu alikua mpiga ala wa studio za filamu Bombay, na sisi wa pwani tuliolelewa na filamu za Kihindi bila shaka tumemsikia bila kumjua jina. 1982 alikua na mashine tatu za Roland, kampuni ya Kijapani: sinthesaiza ya Jupiter-8, mashine ya ngoma ya TR-808, na kiboksi kidogo cha rangi ya fedha kinaitwa TB-303. Hicho kiboksi kilitengenezwa kiwe mbadala wa mpiga besi, na kazi hiyo kilishindwa kabisa, hakifanani na besi hata kidogo, Roland wakaacha kukitengeneza baada ya miaka michache na vikawa vinauzwa kwa bei ya kutupa. Vijana weusi wa Chicago wakavikuta kwenye maduka ya vitu vilivyotumika, wakazungusha vile vifundo wakati mashine inapiga, sauti ikawa inalia na kujikunja, na 1987 kundi la Phuture wakatoa Acid Tracks, dunia ikabadilika. Lakini Singh, miaka mitano kabla, alikua keshakaa na mashine hiyohiyo akazitia raga kumi (mifumo ya noti ya muziki wa jadi wa Kihindi) juu ya pigo la disko. Ule mlio unaoteleza kutoka noti moja kwenda nyingine, ambao kwenye besi ni kasoro, kwenye raga ndo wenyewe unaotakiwa, maana raga inataka noti iteleze. Yeye aliona mara moja. Albamu haikuuza. Ikatolewa upya 2010 na watu wa disko Ulaya wakashika kichwa. Unaona sasa kwanini nasema fuata mashine? Andika TB-303 utafute nani aliitumia kabla ya 1987, utaenda mahali ambapo hakuna orodha itakayokupeleka.

Kwa Waingereza nakupa mtu mmoja, Delia Derbyshire. Alifanya kazi kwenye karakana ya sauti ya BBC iliyoanzishwa 1958, na 1963 akatengeneza muziki wa tamthilia ya Doctor Who kipande kwa kipande, kila noti imekatwa tepu na kuunganishwa kwa mkono, na jina lake halikuandikwa kwenye skrini mpaka 2013, ameshafariki miaka 12. Alikua na kifuniko cha taa cha bati, cha kijani, akikipiga kinalia. Alichofanya kwenye kazi moja ya 1967 inaitwa Blue Veils and Golden Sands, alikirekodi, akakata mwanzo wa mlio, pale fimbo inapogusa bati, akabakiza mvumo tu unaofuata. Kumbuka El-Dabh na zaar yake. Ni wazo lilelile.

Na kijana wetu wa kumaliza nae, KMRU wa Nairobi. Jina lake Joseph Kamaru, mjukuu wa yule Joseph Kamaru mkubwa wa nyimbo za Kikuyu, na yeye ndo anaendelea kuzitoa upya kazi za babu yake. Muziki wake hauna pigo. Anarekodi mazingira, mtaa, ndege, reli, anaufunika kwa mivumo mirefu inayobadilika taratibu mno. Albamu ya Peel, 2020, kipande cha mwisho kinazidi dakika 20. Usikisikilize kwa spika ya simu, kile kidude hakitoi sauti za chini kabisa na nusu ya muziki huu iko huko chini, utasikia kama feni ya mbali tu ukaniona mwongo. Chukua hedifoni hata za bei rahisi, sauti ya wastani, usishike simu. Dakika tano za mwanzo utasema hakuna kinachotokea. Vumilia. Baadae unagundua kitu kilichokua nyuma kipo mbele na hujui kimekuja saa ngapi. Ukikipenda nenda kwenye Temporary Stored ya 2022, pale amechukua rekodi za zamani za Kiafrika zilizowekwa kwenye jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, akazitengenezea kazi mpya. Nyimbo za bibi zetu ziko kwenye kabati Ulaya, mjukuu kaenda kuzisikiliza. Ile albamu siwezi kuisikiliza huku nafanya kitu kingine.

Ombi langu la mwisho ni kwa wadau wote mliopo Dar, Tanga, Moro, Unguja, Mombasa. Kaseti za mnanda na za vikundi vya mtaani zipo kwenye maboksi chini ya vitanda, na tepu inaoza, joto na unyevu wa pwani unaila. Kama unayo moja, tafuta redio kaseti inayofanya kazi, safisha kichwa chake kwa pamba na spiriti, chomeka waya kutoka tundu la hedifoni kwenda kwenye tundu la maiki la kompyuta, pakua programu ya kurekodi ya Audacity ni bure, rekodi kwa WAV (faili isiyobanwa), na usiondoe kelele wala kuipamba, acha ilivyo. Zungusha kaseti mbele na nyuma mara moja kabla hujaipiga ili tepu isigande. Halafu andika kila unachojua: jina la kundi, mtaa, nani alikua anapiga kinanda na kilikua kinanda gani, nani alirekodi, mwaka hata wa kukisia. Kama mwenyewe yupo hai muulize kwanza kabla ya kuipandisha popote. Mwenye kaseti na hana redio anitumie ujumbe, redio ninayo na fundi ninae.